Chakula cha Shule Kifuate Msimu wa Kijiji



Katika miezi ya Juni na Julai, msafiri atokaye Bunda kwenda Musoma hupita katikati ya mavuno. Mtama umekatwa na kutandazwa uani, viazi vitamu vimelundikwa kando ya barabara, na muhogo uliomenywa umeanikwa juu ya majabali makubwa yaliyotawanyika kote katika ukanda wa ziwa. Msafiri huyo huyo akirudi mwezi Machi, katika mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha vizuri, huikuta nchi ile ile katika hali nyingine. Vihenge vimekwisha, na mkulima aliyeuza madebe ya mtama mwezi Julai yuko dukani, ananunua unga kwa kupimiwa kilo moja moja.

Mambo hayo mawili yanafahamika kwa kila anayeishi mkoani Mara. Lisilozungumzwa mara nyingi ni kwamba, kati ya shibe ya Julai na njaa ya Machi, yupo mnunuzi mmoja mkubwa, anayekaa kijijini mwaka mzima, ambaye angeweza kuipunguza tofauti hiyo. Mnunuzi huyo ni taasisi ya umma: shule, kituo cha afya, chuo, ofisi ya halmashauri. Mazungumzo haya yanamhusu mnunuzi huyo, na hasa jiko la shule, kwa sababu hakuna kijiji kisichokuwa na watoto wanaopaswa kula wakiwa shuleni, na hakuna jiko lililo karibu zaidi na shamba la mkulima kuliko hilo.

Ilivyo sasa, jiko hilo mara nyingi halimtazami mkulima wa jirani. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipofuta ada katika shule za msingi na sekondari za umma, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimeendelea kuwa wajibu wa wazazi kwa makubaliano yao na uongozi wa shule. Hilo ni jambo jema, na zipo shule nyingi ambako uji wa saa nne unapikwa kwa michango ya wazazi wenyewe. Lakini itazamwe orodha ya michango. Katika shule nyingi orodha hiyo hutaja vitu viwili tu: mahindi na maharage. Hutaja hivyo hata katika vijiji vya ukanda wa ziwa ambako ardhi ni ya kichanga, jua ni kali, na zao linalostawi kwa hakika ni muhogo na mtama.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mzazi asiye na mahindi, lakini mwenye mtama ndani ya nyumba, huupeleka mtama wake kwa mlanguzi. Huuza wakati kila mtu anauza, kwa hiyo huuza kwa bei ya chini. Kisha hununua mahindi yaliyosafirishwa kutoka mbali, ambayo bei yake imekwisha kubeba nauli ya lori, ushuru, na faida ya watu wawili au watatu. Kwa mchango mmoja wa shule, mzazi huyo amepoteza mara mbili. Halafu mwezi Machi, anaposhindwa kuchangia, huambiwa kwamba hajali elimu ya mtoto wake. Kosa halikuwa la mzazi. Lilikuwa katika orodha.

Yafaa hapa kukumbuka kwamba mji wa Musoma una nafasi ya pekee katika historia ya jambo hili. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini humo na kupitisha uamuzi ambao tangu siku hiyo huitwa Azimio la Musoma. Wengi hulikumbuka Azimio hilo kwa agizo lake la kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Lakini sehemu yake nyingine ilihusu kuunganisha elimu na kazi, kwa kufuata mawazo yaliyokwisha kutolewa mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Uamuzi huo haukutoka hewani. Miaka ya 1973 na 1974 ilikuwa ya ukame. Miaka miwili kabla ya kikao cha Musoma, mwaka 1972, Azimio la Iringa lilikuwa limetangaza kwamba siasa ni kilimo. Na sasa nchi ilikuwa ikitumia fedha zake chache za kigeni kununua nafaka kutoka ng'ambo, na wimbo wa kila siku ukawa kilimo cha kufa na kupona. Wajumbe waliokaa Musoma kuzungumzia shule walijua kwamba nje ya ukumbi taifa lilikuwa na njaa.

Ni haki pia kueleza yaliyokwenda mrama baadaye. Katika shule nyingi, shamba la shule liligeuka kuwa mahali pa adhabu. Mtoto aliyechelewa alipewa jembe. Mtoto aliyefaulu alipewa kitabu. Kwa njia hiyo, bila mtu yeyote kutamka, kizazi kizima kilifundishwa kwamba kulima ni malipo ya makosa. Mahali pengine mavuno hayakuonekana katika sahani ya mtoto aliyeyalima, na wazazi walikuwa na haki ya kuuliza yalikwenda wapi. Wazo lilikuwa sahihi, utekelezaji ulilichafua. Kwa hiyo anayelisema wazo hilo leo hana budi kulisema kwa namna nyingine: mkulima alime, shule inunue au ipokee, na mtoto ale. Shamba la shule libaki kuwa darasa la kujifunzia mbegu na udongo, na lisitegemewe kuwa ghala.

Sasa, je, mkoa una chakula cha kutosha cha kulisha majiko hayo kwa kufuata misimu? Jibu linategemea kuijua kalenda ya chakula ya mahali. Sehemu kubwa ya Mara hupata mvua mara mbili kwa mwaka: vuli, kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Februari au Machi hadi Mei. Mvua hizo hazilingani kila mahali. Ukanda wa ziwa, kuzunguka Musoma na kuelekea Majita, hupata kidogo na kwa kubahatisha. Vilima vya Butiama hupata zaidi. Tambarare za Bunda ziko katikati, na hutegemewa pia kwa pamba na mifugo.

Katika mwezi Januari na Februari, vuli ikiwa njema, huvunwa mahindi machanga na maharage. Mboga za majani ni nyingi: mchicha, mgagani, majani ya kunde na ya maboga. Kuanzia Juni huvunwa mtama na ulezi, na viazi vitamu huwa tele. Miezi ya kiangazi, Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ya kukausha: muhogo unageuzwa kuwa makopa na udaga, na viazi hukatwa vipande na kuanikwa vikawa michembe. Mwishoni mwa mwaka huja maembe. Nalo ziwa lina kalenda yake. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika na bei hupanda. Tena dagaa walioanikwa wakati wa jua kali hukauka vizuri na kukaa kwa muda mrefu, wakati wale wa miezi ya mvua huoza upesi wasipoanikwa juu ya chanja na kufunikwa.

Mpishi wa shule anayeijua kalenda hiyo anajua mambo mawili. Kwanza, hakuna mwezi ambao mkoa hauna kitu kabisa. Pili, hakuna mwezi ambao una kila kitu. Kwa hiyo jiko linaloamua kupika chakula cha aina moja kutoka Januari hadi Desemba limeamua, kwa muda mrefu wa mwaka, kununua kutoka mbali.

Ichukuliwe shule ya mfano yenye wanafunzi 600. Kila mtoto akipata uji wa gramu 50 za unga kwa siku, shule itahitaji kilo 30 kila siku. Kwa siku 194 za masomo katika mwaka, hiyo ni kilo 5,820, yaani magunia 58 ya kilo mia moja mia moja. Mkulima mdogo asiye na mbolea, akivuna magunia manne ya mtama kwa ekari moja, basi ekari 15 hivi zinatosha kuwapa watoto wote hao uji wa mwaka mzima. Ekari 15 ni kazi ya kaya kumi au kumi na tano. Ni sehemu ndogo ya kijiji kimoja. Hesabu hii inaonyesha kwamba tatizo haliko katika ukubwa wa ardhi, wala halihitaji trekta kulitatua. Linahitaji kaya hizo zijue mwezi wa Desemba kwamba mwezi wa Julai yupo mtu atakayenunua, kwa bei gani, na atalipa lini.

Pamoja na hesabu hiyo ipo kasumba ya kuondoa. Kwa miaka mingi mtama na ulezi vimehesabiwa kuwa chakula cha maskini, au nafaka ya kutengenezea pombe. Mgeni wa heshima akifika hupikiwa wali. Kikao cha ofisi kikifanyika huagizwa chipsi na soda. Mtumishi aliyehamia kutoka mjini huona ugali mweupe wa sembe kuwa ndio ugali. Kumbe sembe hiyo imekobolewa hata sehemu yenye virutubisho vingi imebaki kwenye pumba za mifugo. Ulezi una madini ya chokaa kuliko nafaka nyingine zinazolimwa nchini, na una chuma. Mama wa Kikurya au wa Kizanaki aliyempa mtoto wake uji wa ulezi hakuwa mshamba, alikuwa na ujuzi. Mtama huvumilia ukame ambao huua mahindi. Dagaa, kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, humpa mtoto protini na madini kwa bei ndogo. Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vina vitamini A inayolinda macho. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Ujuzi huo wa chakula una uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa, na mkoa wa Mara una ushahidi wake wa uchungu. Mwaka 1985, katika wilaya ya Tarime, ambayo wakati huo ilijumuisha na Rorya ya sasa, kulizuka ugonjwa wa kupooza miguu uliowapata watu wazima na watoto. Mtu aliamka akiwa hawezi kutembea sawasawa, na ulemavu huo haukupona tena. Madaktari na wataalamu wa lishe waliouchunguza waliutambua kuwa ni konzo, ugonjwa ambao ulikuwa umekwisha kuonekana katika Kongo. Chanzo chake kilihusishwa na muhogo mchungu. Katika ukame muhogo huo huongezeka sumu ya sianidi, na katika njaa watu hawasubiri siku za kutosha za kuuvundika na kuukausha. Isitoshe, walioathirika walikuwa wakila muhogo karibu mtupu, bila mboga ya kuwapa protini ya kuusaidia mwili kuiondoa sumu hiyo.

Funzo la Tarime lisipotoshwe kuwa muhogo ni adui. Muhogo umewaokoa watu wa ukanda wa ziwa katika miaka mingi ya ukame. Funzo lenyewe ni kwamba chakula cha msimu kina kanuni zake, na kanuni hizo huvunjika njaa inapoingia kabla ya akiba. Muhogo uliotayarishwa kwa utulivu katika kiangazi, ukahifadhiwa, ukaliwa pamoja na dagaa au maharage, ni chakula salama. Muhogo ule ule ukichimbwa kwa pupa na kuliwa peke yake unaweza kumlemaza mtoto. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni ghala lenye kitu ndani yake. Na mwalimu wa sayansi, akiwaeleza wanafunzi wake kwa nini bibi zao walivundika muhogo kwa siku kadhaa, atakuwa amefundisha kemia na historia kwa pamoja.

Ingekuwa si haki kuzungumza hivi bila kutaja mizigo aliyonayo mkulima. Katika Bunda, vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kama vile vya upande wa Hunyari na Mariwanda, hulala macho wakati mtama unapokomaa, kwa sababu tembo huweza kulimaliza shamba katika usiku mmoja. Sheria imeweka malipo yanayoitwa kifuta jasho, lakini jina lenyewe linakiri kwamba hayafikii thamani ya kilichopotea, na mara nyingi huchelewa. Watumishi wanaohusika na malipo hayo wakumbuke kwamba karatasi iliyolala mezani kwa miezi sita ni njaa ya nyumba moja kwa miezi sita. Ndege aina ya kwelea kwelea nao huvamia mtama kwa makundi. Muhogo umeandamwa na magonjwa mawili, batobato na michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu wa pili huuficha ubovu ndani ya mzizi, hata mkulima asijue hasara yake mpaka siku ya kuchimba. Watafiti wa Ukiriguru wamepambana na magonjwa hayo kwa kuzalisha mbegu zinazoyahimili, kama vile ile iitwayo Mkombozi, lakini mbegu safi haina faida ikiwa haimfikii mtu wa kijijini.

Baada ya mavuno yupo dumuzi. Mdudu huyo, aliyeingia nchini kutoka Amerika na kugunduliwa huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, alivipitia vihenge kwa nguvu hata wakulima wakampa jina la Skania, kwa kumfananisha na lori. Hula mahindi, na hula makopa vilevile. Mkulima anayejua kwamba ghala lake litaliwa na dumuzi ana sababu ya haki ya kuuza mapema. Ndiyo maana mifuko isiyopitisha hewa, ambayo humnyima mdudu pumzi bila dawa yoyote, inapaswa kuzungumzwa katika mikutano ya wazazi kwa uzito ule ule unaopewa matokeo ya mitihani.

Na ipo pamba. Hakuna mtu mwenye akili anayemwambia mkulima wa Bunda aache zao linalompa fedha ya kujengea nyumba na kusomeshea watoto. Lakini pamba hutaka mikono ile ile, katika miezi ile ile, inayotakiwa na mtama. Familia ikiona kwamba pamba ina mnunuzi anayejulikana na mtama hauna, itapeleka mikono yake kwenye pamba, na itakuwa imefanya uamuzi sahihi kwa hesabu zake. Kumhimiza mkulima alime chakula kwa hotuba, bila kumpa soko la chakula hicho, ni kumtaka atende kinyume cha maslahi yake. Jiko la shule likiwa mnunuzi wa hakika, mtama nao utakuwa zao la biashara bila kuacha kuwa chakula.

Hapa ndipo wajibu wa mtumishi wa umma unapoanza. Watu husema kwamba taratibu za ununuzi haziruhusu kununua kwa mkulima mdogo. Usemi huo una ukweli nusu. Ni kweli kwamba mkulima mmoja mwenye magunia matatu hawezi kushindana katika mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Lakini sheria ya nchi imekwisha kuelekeza taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa ajili ya makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutoa mikopo kutokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama wa kijiji kilichosajiliwa, chenye mashine ya kusaga na mtama wa wanachama wake, kinaweza kupita katika mlango huo. Kinachohitajika ni ofisa maendeleo ya jamii atakayekisaidia kujisajili, na ofisa ununuzi ambaye hatakihesabu kuwa usumbufu.

Mfano wa nchi nyingine unasaidia. Nchini Brazili, sheria ya mwaka 2009 iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu zinazotolewa kwa chakula cha shule zitumike kununua moja kwa moja kutoka kwa wakulima wadogo wa familia. Sheria hiyo iliruhusu ununuzi huo ufanyike kwa tangazo la wazi na kwa bei ya soko la mahali, pasipo kumshindanisha mkulima mdogo na kampuni kubwa. Brazili ina fedha nyingi kuliko Tanzania, hilo halina ubishi. Lakini jambo lililofanyika pale halikuwa fedha mpya. Ilikuwa ni kuamua fedha iliyokwisha kuwepo ipite katika mkono gani kwanza.

Chama cha ushirika nacho kina nafasi yake. Historia yake katika nchi hii ina furaha na majeraha. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kati ya hapo mkulima alijifunza kutokuamini mtu anayechukua mazao na kuacha karatasi. Imani hiyo haitarudi kwa maneno. Itarudi pale chama cha msingi kitakapokusanya mtama wa wanachama, kuupima hadharani, kuuza kwa shule tatu au nne za kata, na kumlipa mkulima ndani ya muda uliotajwa. Pasipo malipo ya wakati, mpango wote huu hufa katika msimu wake wa kwanza, kwa sababu mlanguzi, pamoja na bei yake mbaya, ana sifa moja ambayo ofisi nyingi hazina: hulipa siku ile ile.

Watakuwapo wenye kuuliza: itakuwaje mwaka wa ukame, jirani naye akiwa hana kitu? Swali hilo ni la haki. Kujitegemea hakujapata kuwa na maana ya kijiji kujifungia. Mwaka ambao Musoma imekauka, mahindi ya Rukwa na Mbeya yaje, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ufanye kazi yake. Ndiyo faida ya kuwa taifa moja. Lakini ni jambo moja kuomba msaada wa mkoa mwingine katika mwaka mbaya, na ni jambo jingine kabisa kununua kwa mkoa mwingine katika mwaka mwema huku mtama wa jirani ukiliwa na dumuzi.

Wengine watasema watoto hawataki uji wa ulezi wala ugali wa mtama. Watoto hupenda kile wanachokiona kikipendwa na watu wanaowaheshimu. Mwalimu akila chumba cha pembeni wali uliotoka dukani, huku wanafunzi wakipikiwa mtama, basi somo limekwisha kutolewa, na halihitaji ubao. Akiketi nao na kula walacho, somo litakuwa jingine. Mwalimu Nyerere alipong'atuka madarakani mwaka 1985 alirudi Butiama kulima, na wageni waliomfuata huko walimkuta mtu anayejali shamba lake. Kwa kizazi cha walimu na watumishi wa leo, Butiama haikusudiwi kuwa mahali pa kwenda kuweka shada la maua mwezi Oktoba peke yake.

Yapo basi mambo ambayo hayangoji bajeti mpya. Kamati ya shule, kabla ya msimu ujao wa mavuno, inaweza kuifuta ile orodha ya mahindi na maharage, na kuandika kwamba mzazi atachangia chakula chochote cha akiba kinachostawi kijijini: mtama, ulezi, udaga, michembe, kunde, dagaa waliokauka, kila kimoja kwa kipimo kilichokubaliwa mkutanoni. Mwalimu mkuu na ofisa ugani wanaweza kuketi na mpishi kuandaa mapishi ya mwaka kwa kufuata kalenda ya mahali, mwezi kwa mwezi, na kuibandika kalenda hiyo ukutani. Michango ikusanywe Julai, wakati mzazi anacho, isingojwe Februari, wakati hana. Chumba kimoja kikavu kitengwe kuwa ghala, mifuko isiyopitisha hewa inunuliwe, na daftari la ghala liwe wazi kwa mzazi yeyote anayetaka kulisoma. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama, kwa upande wao, zinaweza kuagiza kwamba vikao vyao vipikiwe na vikundi vya akina mama wa mahali, kwa chakula cha msimu. Mkuu wa idara anayepewa ugali wa udaga na sato mezani kwake hatapungukiwa heshima.

Akiba haiozi, walisema wahenga, na katika ukanda wa ziwa usemi huo una masharti: haiozi ikiwa imekaushwa vizuri, imefungwa vizuri, na inalindwa na watu wanaoaminiana. Kukausha ni kazi ya mkulima, naye anaijua tangu zamani. Kufunga ni kazi ya mtaalamu. Kuaminika ni kazi ya mwalimu na mtumishi, kwa kuwa ndio wanaoshika daftari na ufunguo wa ghala. Mvua za masika zikikatika mwezi Mei, mkulima wa Majita ataanza kuhesabu magunia yake na kuamua ampelekee nani. Ni vema kabla ya siku hiyo awe amekwisha kusikia kutoka shuleni kwamba mtama wake unahitajika, bei yake imekubaliwa, na fedha yake ipo.